Jiwe Lisilotajwa Jina

Sehemu ya Sita

Haya, mlango tuliouacha unagongwa wiki nzima, leo tuufungue. Mmoja wenu ameniandikia kwamba alikosa usingizi kwa ajili yake. Pole, ndugu yangu. Aliyekuwa nyuma ya mlango ule hakuja kumlaza mtu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kinanda alisimama sebuleni kwake na sinia la glasi. Huyu ni yule muuzaji wa duka la vito ambaye wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu akifungua mdomo mbele ya mteja, hasemi, anapiga muziki. Siku hiyo mdogo wake, muuguzi aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki, alikuwa anavishwa pete ya uchumba. Mama mzazi wa mchumba ndiye aliyekuwa anaileta, na ndugu hawakuwa wamewahi kumtia machoni.

Mchumba aliingia kwanza. Ni fundi wa lifti, mabega mapana, haya tele. Nyuma yake akaingia mama yake.

Kinanda akamtazama mara moja tu. Glasi zikagongana kwenye sinia.

Alikuwa yule mama wa bangili, mteja wake wa dukani!

"Haiwezekani!" mama mkwe alisema. Mkoba ukamponyoka. "Mwanangu, ni wewe?"

"Kumbe mnajuana?" aliuliza mjomba, ambaye alikuwa amekwisha kuchagua kiti kilicho karibu na chakula.

"Tunajuana? Baba, huyu ndiye aliyeniuzia pete!" Mama mkwe akamkumbatia Kinanda na sinia lake. "Nimezunguka maduka yote mjini, wananitazama viatu kwanza. Huyu hakunitazama viatu. Alinivutia kiti. Aliniletea maji. Halafu akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikiwa nafua nayarudia peke yangu."

Mdogo wake Kinanda alipiga kofi kwa furaha. "Dada! Yaani wewe ndiye uliyeniuzia pete yangu mwenyewe bila kujua!"

"Ndiyo hivyo," alisema Kinanda. Midomo ilicheka. Macho hayakucheka.

Msomaji mgeni, nikuweke sawa upesi ili usitucheleweshe.

Duka analofanyia kazi Kinanda lina makabati mawili ya vioo. La kulia lina almasi. La kushoto lina vipande vya kioo vilivyokatwa kwa ustadi na kuvishwa madini ya rangi ya fedha. Zamani mwenye duka, ambaye wafanyakazi wote humwita Tajiri, alikuwa akiviita vyote almasi, mpaka mteja mmoja akamfikisha mahakamani. Aliponea chupuchupu. Ndipo siku moja, wakinywa chai, Kinanda akamwambia:

"Tajiri, kwani ni lazima tulitaje hilo neno? Tutaje mengine yote."

"Mengine yapi?"

"Linameta. Halina doa. Halina wingu. Halichakai. Mteja akishayasikia hayo, hilo moja atalisema mwenyewe."

Tajiri alicheka mpaka chai ikampalia. Haukupita muda, Kinanda akawa muuzaji mkuu. Tangu hapo hakuna mfanyakazi aliyelitaja jina la jiwe mbele ya kabati la kushoto, na hakuna mteja aliyeondoka pale bila kulisikia.

Mama mkwe alihudumiwa kwenye kabati la kushoto.

Turudi sebuleni.

"Nilimuuliza," mama mkwe aliendelea, sasa amekaa, wote wamemzunguka. "Nikamwambia, mwanangu, usinifiche, hii ni almasi kweli? Akanishika mkono hivi. Akaniambia, 'Mama, macho yako mwenyewe yanakwambia nini?' Basi macho yangu yakaniambia almasi!"

Wakacheka. Mjomba akacheka zaidi ya wote.

"Na ukalipa nini, mama?" aliuliza mdogo mtu kwa upole. "Maana sisi hatukutaka ujiumize."

Mama mkwe akavuta mikono ya gauni lake juu. Viganja vilikuwa vikavu kwa sabuni na kazi. Kwenye vifundo vya mikono kulikuwa na mistari miwili ya ngozi iliyofifia, laini, kama haikuwahi kuona jua.

"Bangili zangu," alisema. "Dhahabu ya kizamani. Zilinikaa mkononi tangu huyu akiwa tumboni. Kuzivua tulitumia sabuni na machozi. Lakini mimi nina mtoto mmoja, na mtoto ana mke mmoja. Nikaona zimefanya kazi yake."

Mchumba aliinamisha kichwa. Alikuwa analia, fundi wa watu, na wala hakuficha.

Kisanduku kikafunguliwa. Pete ikavishwa. Mdogo mtu akaunyoosha mkono kuelekea dirishani, na kile kipande cha kioo, Mungu amsamehe aliyekikata, kikawaka kweli.

"Dada," alisema, "hebu yaseme tena yale maneno. Yaseme hapa, tuyasikie wote."

"Ah, si kazini hapa."

"Yaseme, mwanangu!" mama mkwe alimshika goti. "Mimi nikiyasema yanaharibika."

Wote wakamgeukia.

Ndugu msomaji, hapa ndipo alipokuwa na nafasi. Neno moja tu, "Samahani," na mambo yangekuwa mengine. Alilitafuta. Lilikuwepo, kooni hapo, ameliona. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea njia nyingine.

"Hili," Kinanda alisema, na sauti ikatoka ile ile ya dukani, tamu, ya taratibu, "halitafuti taa. Taa ndiyo inalitafuta. Halina doa, halina wingu, halina kinyongo na mtu. Ukilivaa gizani, giza litakuuliza umetoka wapi. Mwanao atalirithi, wajukuu watalipigania, na lenyewe litakuwa bado kijana."

Vifijo! Mjomba akasimama kabisa. Mama mkwe akaziba mdomo kwa kitambaa.

Kinanda akaenda jikoni, akafungua bomba, akaacha maji yatiririke juu ya sahani safi. Uso ulikuwa unamwaka moto. Alikuwa amewadanganya watu wengi maishani, lakini hakuwahi kudanganya akiwa anatazama mikono ya mtu.

Mdogo wake akamfuata.

"Unalia?"

"Kitunguu."

"Hakuna kitunguu hapa, dada." Akamkumbatia kwa nyuma. "Najua unamkumbuka mama. Na mimi namkumbuka. Lakini umenilea, umenifikisha. Sina cha kukulipa."

Kinanda alilifunga bomba. Alitamani sakafu ipasuke, na sakafu ikakataa.

*

Jumatatu asubuhi aliwahi kufika kazini kuliko mfagizi. Akamkuta Tajiri ofisini, chumba kidogo nyuma ya duka chenye mizani, taa ya mezani na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo.

"Tajiri, zile bangili za yule mama. Bado zipo?"

"Zipo. Kwa nini?"

"Nirudishie."

Tajiri akavua miwani. "Unaumwa?"

"Yule mama ni mkwe wa mdogo wangu. Nimejua juzi. Pete ile anaivaa mdogo wangu."

Kwanza Tajiri alikunja uso kwa huruma. Halafu midomo ikaanza kumtetemeka, na mwishowe akashindwa, akaangua kicheko.

"Nisamehe. Pole, Kinanda, pole sana. Lakini hebu niambie, nani alimwambia ni almasi?"

Kinanda akatazama matone yakidondoka kwenye ndoo.

"Nilimwambia mimi? Ulimwambia wewe? Risiti imesema 'kito cheupe'. Kosa liko wapi?"

"Hakuna kosa, Tajiri. Nakuomba tu."

Akatumia neno hilo, nakuomba, mwanamke ambaye hajawahi kumwomba Tajiri hata ruhusa ya ugonjwa. Tajiri akalipenda. Akaegemea kiti.

"Mimi si mnyama. Lete pete, chukua bangili. Lakini na mimi nina shida yangu. Nafungua tawi jipya, nina wasichana hawajui hata kumkaribisha mteja. Utawafundisha. Maneno yote, kama unavyoyasema wewe. Tumekubaliana?"

Wasichana wapya. Vinywa vipya vya kuwaambia akina mama wengine, macho yako yanakwambia nini.

"Tumekubaliana," alisema Kinanda.

Alitoka ofisini akijiona mdogo, lakini alitoka mbio. Akaenda moja kwa moja hospitalini.

Mdogo wake alikuwa wodini, anabadilisha shuka. Kazini haruhusiwi kuvaa pete, kwa hiyo alikuwa ameifunga kwenye kipande cha bandeji safi na kuibana kwa pini ndani ya mfuko wa sare, upande wa moyo.

"Wodi nzima imeshaiona," alinong'ona akicheka. "Yule bibi wa kitanda cha dirishani hajasema neno tangu alazwe. Leo nimemshikisha, akasema, 'Nzuri.' Daktari mwenyewe ameshangaa."

Kinanda akanyoosha kiganja. "Nipe nikaisafishe. Pete mpya husafishwa baada ya kuvaliwa mara ya kwanza. Inakaza jiwe."

Uongo ulitoka laini kama maziwa. Mdogo wake hakuuliza hata swali moja. Akaifungua pini, akampa, bandeji na yote.

"Usichelewe nayo, dada. Jumamosi tunapiga picha."

Kuna aibu ya kufumaniwa, na kuna aibu ya kuaminiwa. Ya pili haina pa kujificha. Kinanda aliondoka wodini akitazama vigae, na kila mgonjwa aliyemsalimia alimwitikia bila kuinua macho.

*

Tajiri aliipokea pete, akaitupa kwenye trei pamoja na nyingine zinazofanana nayo. Papo hapo Kinanda mwenyewe asingeweza tena kusema ni ipi. Kisha Tajiri akafungua droo, akatoa bahasha.

"Haya, mzigo wako huu. Tazama zilivyotulia. Tazama rangi yake, nzito, ya kizamani. Hazijapauka hata kidogo. Mama akizivaa atarudi usichana."

"Ahsante, Tajiri. Mungu akubariki."

Alishafika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, ndipo alipoganda.

Zimetulia. Rangi nzito. Hazijapauka.

Alikuwa ameuza vitu miaka mingi, hakuweza kukosa kuusikia muziki wake mwenyewe ukipigwa na mtu mwingine.

Akageuka. "Tajiri. Hizi ni dhahabu?"

Tajiri akatabasamu polepole, meno yakaonekana moja moja.

"Kinanda, macho yako mwenyewe yanakwambia nini?"

Akazitoa kwenye bahasha, akazigonganisha. Zililia kama vijiko.

"Sema neno, Tajiri."

"Neno gani?"

"Moja tu. Sema ni dhahabu."

"Sisi hapa hatutaji majina ovyo. Nani alitufundisha?" Tajiri akavaa miwani yake tena. "Zile zingine ziko kwa fundi kule nyuma. Leo anawasha tanuru. Biashara haimngoji mtu, na wewe ni mtu wa biashara. Mpelekee mama hizo. Kwa mdomo wako huo, atalala nazo."

"Nirudishie pete, basi."

"Ipi?" Akaisogeza trei mbele yake. "Chagua."

Nimewahi kusema kwenye hadithi hii kwamba Kinanda ana roho ngumu. Nalifuta. Alitoka pale na bangili za shaba mkononi, hana pete, hana dhahabu, na bado hajawaambia watu wake lolote.

Na sasa nawaambia jambo ambalo yeye mwenyewe hangependa mlijue. Njiani kuelekea kwa mama mkwe, maneno yalianza kuja yenyewe. Mama, zimerudi. Tumezing'arisha kidogo, ndiyo maana zinaonekana hivi. Zimekuwa nyepesi kwa sababu uchafu umetoka. Yalikuja moja baada ya jingine, yamevaa, yamechana nywele, na kila moja lilikuwa zuri. Akajikuta anayapanga. Kwenye kona ya mtaa akasimama, akashika ukuta wa kinyozi.

"Dada, vipi?" kinyozi aliuliza.

"Jua tu."

Siku hiyo hapakuwa na jua.

*

Mama mkwe alifungua mlango, na nyuma yake, mezani, kati ya vitambaa vyeupe na futi ya kupimia, alikuwa amekaa mdogo wake Kinanda. Zamu yake ilikuwa imekwisha, akapitia hapo kuchagua kitambaa cha gauni.

"Dada! Imeshatoka kusafishwa?"

Mama mkwe aliona mkono wa Kinanda kwanza. Aliona rangi ya manjano ikichungulia kwenye bahasha. Uso wote ukambadilika.

"Mwanangu! Zimerudi?"

Akainyoosha mikono yote miwili, na ile mistari iliyofifia, kama anayengoja kuvishwa.

Mdomo wa Kinanda ukafunguka. Yale maneno yalikuwa pale, tayari kabisa. Mama, zimerudi. Angeyasema, mambo yakawa yamekwisha.

"Hapana, mama," alisema. "Hizi siyo. Hizi ni shaba."

"Shaba?"

"Na ile pete ni kioo. Siyo almasi. Nilijua siku nakuuzia. Nilikuletea maji, nikakuvutia kiti, na nilijua."

Sauti ilikuwa mbaya, imekwaruza, haina muziki hata chembe. Akaeleza yote, kabati la kushoto, Tajiri, chai ile, wazo lilikuwa la nani. Hakusema "tulifanya". Alisema "nilifanya". Alipomaliza, mama mkwe bado alikuwa ameinyoosha mikono, kama amesahau kuishusha.

Mdogo wake akasimama. Futi ikaanguka.

"Jumamosi. Pale sebuleni. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukayasema yale maneno mbele yetu."

"Nikayasema."

"Na leo wodini? Ulipochukua pete kwenye mfuko wangu?"

"Leo pia nilijua."

Kinanda alingoja atukanwe. Angefurahi kutukanwa.

"Asante, muuzaji," mdogo wake alisema, akainama kukusanya vitambaa.

Muuzaji! Tangu ajifunze kuongea hajawahi kumwita chochote isipokuwa dada.

Mama mkwe ndiye aliyesogea kwanza. Hakupiga kelele. Aliishusha mikono, akaenda kwenye viatu vyake, akavivaa.

"Bangili zangu ziko wapi sasa hivi?"

"Kwa fundi, nyuma ya duka. Leo anayeyusha."

"Leo!" Mama mkwe akapatwa na mshtuko ambao Kinanda hakuuelewa. "Leo? Twende. Twende upesi!"

*

Walipofika wote watatu, duka lilikuwa limejaa. Kwenye kabati la kushoto kijana mmoja na mchumba wake walikuwa wameinama juu ya kioo, na Tajiri mwenyewe alikuwa anawahudumia.

"Hili," alikuwa anawaambia, "halitafuti taa..."

"Hiyo siyo almasi," alisema Kinanda kutoka mlangoni.

Duka zima likageuka.

"Kabati hilo lote ni kioo," aliendelea. "Mimi ndiye niliyewauzia wengi wenu. Mama pale, mwenye kilemba cha kijani, mkufu wako ni kioo. Ulikuja na mumeo, mkanishukuru mpaka mlangoni. Nisamehe."

Yule mwenye kilemba cha kijani akashika shingo yake. Mtu akasema, "Toba!" Kijana akairudisha pete kwenye trei kana kwamba inauma.

Mnadhani Tajiri alitetemeka? Hamjamjua bado. Alimwita askari aliyekuwa zamu nje ya benki jirani, akamvutia kiti, akamkaribisha maji.

"Afande, huyu ni mfanyakazi wangu, amechanganyikiwa. Muulize mteja yeyote humu swali moja tu. Nani alimwambia ni almasi?"

Askari akamgeukia mama mkwe. "Mama, uliambiwa jiwe lako ni almasi?"

Mama mkwe alisita. Macho yake hayakutulia. Kila mara yalikimbilia mlango wa nyuma. "Niliambiwa... niliambiwa halina doa. Nilipouliza, niliambiwa nisikilize macho yangu."

"Jina la almasi lilitajwa?"

"Halikutajwa."

"Basi hapo hakuna kesi," askari alisema, akaigeuza kofia mkononi.

Tajiri akakunjua mikono. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwa Kinanda pia. Kama hakuna aliyedanganya, hata yeye hakudanganya. Angeenda zake.

"Nilimwambia," alisema Kinanda.

"Unasema?"

"Nilimwambia ni almasi. Kila neno nililomwambia lilikuwa na maana hiyo, nikijua si kweli. Andika hivyo, afande. Nilimwambia."

Tajiri alipiga kofi moja, la furaha. "Mmesikia wote! Amekiri mwenyewe. Amewadanganya wateja wangu bila ruhusa yangu. Mchukue, afande, hata mimi namshtaki."

Askari akainuka. "Dada, twende kituoni."

Kinanda akatoa mikono. Alikuwa na haya kiasi kwamba pingu zilimpa ahueni. Walau zilimpa mahali pa kutazama. Alipoinua kichwa alimwona mdogo wake amesimama karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani alikuwa anamtazama usoni. Hakutabasamu. Lakini hakuyaondoa macho.

"Afande, ngoja!"

Alikuwa mama mkwe. Amemshika askari mkono wa shati.

"Usimchukue peke yake. Na mimi ni mwongo."

"Mama!" mdogo mtu alishtuka.

"Zile bangili hazikuwa zangu." Alisema akitazama sakafu. "Nilipokuwa msichana nilikuwa nafulia nguo nyumba moja. Mama mwenye nyumba alizivua kuoga, nikazichukua. Alizitafuta mpaka akaugua. Akafa akijilaumu kwamba alizipoteza mwenyewe. Nimezivaa miaka yote hii, na hakuna siku hazikuniunguza."

Wateja walisogea karibu. Hata yule mwenye kilemba cha kijani alisahau mkufu wake.

"Pete ningeinunua popote," mama mkwe aliendelea. "Sikuzunguka maduka kama nilivyosema. Nilikuja duka hili makusudi. Nilitaka kuzirudisha kwa mlango wa biashara, ili asiwepo wa kuniuliza. Maana mama yule alikuwa na mtoto wa kiume, mdogo, alikuwa akinisaidia kuzianika nguo. Nimemtambua kwa kovu lililoko kidevuni."

Akainua macho, akamtazama Tajiri.

Tajiri aligusa kidevu chake. Mdomo ulifunguka, lakini mara hii halikutoka neno lolote, zuri wala baya. Alimtazama yule mama, akatazama ile mistari iliyofifia mikononi mwake, na kitu kikamporomoka usoni.

Kisha akaruka kaunta. Trei ikapinduka, vipande vya kioo vikamwagika sakafuni, na yeye akavikanyaga akikimbilia mlango wa nyuma.

"Fundi!" sauti ilimpasuka. "Zima moto! Fundi, nakwambia zima moto!"

Kule nyuma hakujibu mtu.